MBWA NA MTOTO, SUMU NI MOJA

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba,

Kazini unajua kujilinda. Unavaa kofia ngumu, viatu vya chuma na glavu. Kabla ya kuingia pahali penye hatari unasoma kibao. Kapita akikukuta bila kofia hakuachi upite. Lakini jioni, ukifika nyumbani, kofia unaitundika msumarini, viatu unaviacha mlangoni, na mawazo ya usalama nayo unayaacha hapohapo. Unakaa chini ya mwembe, unangoja chakula. Mbwa anakuja mbio, anakulamba mikono.

Je, umenawa?

Leo ukurasa wetu unaingia ndani ya parseli yako kwa ajili ya yule mlinzi asiyelipwa mshahara. Wengine watacheka: «Gazeti limekosa habari, sasa linaandika juu ya mbwa!» Wacheke. Wakimaliza kucheka, wasome mpaka mwisho, maana habari hii ya mbwa ni habari ya watoto wao pia.

MBWA ANAISHI CHINI

Hapa Kisangani mbwa ana kazi yake. Yuko anayelinda parseli usiku pale Mangobo au Kabondo. Yuko anayefuatana na mwindaji msituni, kengele ya mti shingoni, kwa sababu mbwa wa asili wa misitu yetu habweki kama wengine. Wazungu walimpeleka Ulaya, wakamwita Basenji, na mwaka 1937 alionyeshwa London katika maonyesho makubwa ya mbwa. Leo anajulikana dunia nzima. Kwetu bado tunamtupia makombo.

Mtazame anavyoishi. Pua yake iko chini saa zote. Anakula anachokiokota. Analala juu ya vumbi, kisha anajilamba miguu. Hajui kusoma maandishi ya kopo. Sasa ujiulize: nani mwingine nyumbani mwako anaishi hivyo? Ni mtoto anayetambaa.

Tena upime uzito. Basenji mzima ana kilo 10 hivi. Mtoto wa mwaka mmoja ana kilo 9 au 10. Kile kidogo ambacho mtu mzima angekitapika tu, kwa hawa wawili kinaweza kuwa kifo. Si kila sumu inamdhuru mbwa na mtoto sawasawa, lakini njia ya kuwafikia ni moja.

Wachimbaji wenzetu wa makaa ya mawe huko Uingereza walilijua jambo hili. Kwa miaka mingi walishuka shimoni na ndege mdogo wa manjano, kanari. Kanari akianguka, watu walijua hewa imeingia gesi ya sumu, wakatoka mbio. Ni mwaka 1986 tu ndipo uamuzi ulitolewa kwamba mashine zichukue pahali pa ndege. Huko Japani, katika mji wa Minamata, kiwanda kilimwaga zebaki baharini. Paka waliokula samaki wa pale walianza kuyumba, kurukaruka na kufa. Watu waliwashangaa paka. Mwaka 1956 watoto wakapelekwa hospitali na ugonjwa uleule.

Hatusemi umfanye mbwa wako kuwa kanari. Tunasema hivi: mbwa akila sumu nyumbani kwako, usiseme tu «maskini mbwa». Useme: «Sumu hii mtoto wangu angeweza kuifikia.» Kisha uitafute.

SUMU YA PANYA

Kisangani ni mji wa mto. Mashua zinaleta magunia, na panya wanafuata magunia. Basi karibu kila nyumba inanunua sumu ya panya. Ile inayouzwa njiani katika kipakiti kisicho na jina, wewe unajua ni nini? Muuzaji mwenyewe anajua? Ziko za namna nyingi, na kila moja inaua kwa njia yake.

Ya kwanza ni ile inayozuia damu kuganda, kama brodifakumu na bromadioloni. Mbwa anaila leo, na leo anacheza. Kesho anacheza tena. Siku ya tatu, ya nne au ya tano anaanza kuchoka. Ufizi unakuwa mweupe, anapumua kwa shida, choo kinakuwa cheusi, damu inatoka puani. Wenye nyumba wanasema jirani amemloga, kwa kuwa wameisahau sumu waliyotega wenyewe juma lililopita. Na hii ndiyo sumu ambayo ina dawa yake, vitamini K1. Munganga wa wanyama huitoa kwa majuma kadhaa, na mbwa anaweza kupona kabisa, mradi afike mapema na sumu ijulikane.

Ya pili ni zinki fosfidi, unga wa kijivu au mweusi wenye harufu kama kitunguu saumu. Ukifika tumboni unakutana na asidi, unatoa gesi kali ya fosfini. Hii haina dawa ya kuikata. Mbwa aliyeila asipewe chakula, kwa kuwa chakula kinaongeza asidi ya tumbo na gesi inazidi. Akitapika, usiinamie matapishi. Fungua milango, utoe watu nje, maana gesi hiyo inadhuru binadamu pia.

Ya tatu ni dawa ya shamba, kama karbofurani, ambayo watu huiuza kama sumu ya panya. Hii haingoji siku tatu. Dakika chache, au saa moja, mbwa anatoa mate mengi na machozi, anaharisha, anatetemeka, anapumua kama mtu anayezama. Munganga ana atropini ya kumsaidia, lakini lazima mbio.

Usimsahau panya mwenyewe. Panya aliyekufa kwa sumu akiachwa uwanjani, mbwa atamla. Uokote kila panya aliyekufa, kwa jembe au kwa mfuko, si kwa mkono mtupu, umfukie chini sana.

Njia bora ya kumpiga vita panya ni kumnyima chakula. Funika unga. Weka magunia juu ya mbao, si chini. Ondoa takataka. Tumia mtego. Ukilazimika kutega sumu, nunua yenye jina, uiweke ndani ya sanduku lililofungwa lenye tundu la panya tu, andika tarehe, na uwaambie watu wote wa nyumba.

DAWA YA MTU SI DAWA YA MBWA

Umetoka kazini, mgongo unauma. Unameza diklofenaki au ibuprofeni, unapata nafuu. Kesho yake mbwa anachechemea. Kwa huruma unampa nusu ya kidonge. Huruma hiyo inaweza kumuua. Dawa hizo zinamchoma mbwa tumbo mpaka linatoka damu, na zinaharibu figo zake. Parasetamoli nayo inaharibu ini na damu yake. Kama una paka, kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua.

Vidonge vya malaria, vya presha na vya moyo visikae katika mfuko unaoning'inia karibu na kitanda. Mbwa anatafuna mfuko. Mtoto anadhani ni bonbon. Weka dawa zote juu, ndani ya sanduku lenye kufuli.

Tuseme pia juu ya ngozi. Mbwa akiwa na upele, watu wengi wanampaka mafuta machafu ya motokaa. Akiwa na kupe na viroboto, wanamwogesha kwa dawa ya shamba. Ndugu, mbwa hujilamba! Mafuta yale na dawa ile vyote vinaingia tumboni, na vingine vinapita katika ngozi. Na jioni mtoto anamkumbatia mbwa huyo shingoni. Omba dawa ya kupe kwa munganga wa wanyama, na ufuate kipimo chake.

MAMA, TUINGIE JIKONI

Muhogo mchungu una sumu ya sianidi. Ndiyo sababu bibi zetu walituagiza kuuloweka siku tatu au zaidi. Maganda mabichi yana sumu hiyo nyingi kuliko nyama ya muhogo. Usiyatupe penye mbwa, mbuzi na bata. Maji ya kuloweka usiyaache katika sufuria chini.

Pande za Bengamisa, njia ya kaskazini, watu wanalima kakao tangu zamani. Kakao na chokoleti zina kitu kinachoitwa teobromini. Mwili wa mtu unakiondoa upesi, wa mbwa unachelewa sana. Moyo unapiga mbio, mbwa anatetemeka, anaweza kufa. Mbegu na maganda yake ya kakao viwe mbali naye. Kahawa vilevile. Vitunguu, vibichi au vya kupikwa, vinaharibu damu ya mbwa. Basi ukimwekea mabaki ya mchuzi, yawe bila vitunguu.

Na ule unga uliopata ukungu? Tunajua desturi: «Watu hawawezi kula, mpe mbwa.» Ukungu wa mahindi na karanga unaweza kutoa sumu inayoitwa aflatoksini, na moto wa kupikia hauimalizi. Mwaka 2004 huko Kenya, upande wa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sababu ya mahindi ya namna hiyo, na 125 walikufa. Ini la mbwa ni dhaifu sana mbele ya sumu hii. Chakula kilichooza si zawadi ya mtu wala ya mnyama. Kifukie.

Mwisho wa jikoni ni chupa. Akina mama wengi wanapika sabuni kwa mafuta ya mawese na soda kostiki. Soda hiyo inachoma mdomo, koo na tumbo kama moto. Petroli, dawa ya kuua wadudu na asidi ya betri vivyo hivyo huwekwa katika chupa ya limonadi, kwa kuwa chupa ni rahisi kupata. Mtoto anaijua chupa ile: ndani yake kuna kitu kitamu. Anakunywa. Tunakuomba jambo moja tu juu ya hili: kitu kisicho cha kunywa kisiingie kamwe katika chupa ya kinywaji. Kikae katika chombo chake, na jina lake, juu, pamefungwa.

UNALETA NINI KUTOKA KAZINI?

Sasa tunarudi kwako, bwana. Sumu nyingine mama hakuinunua sokoni. Imeingia na wewe.

Kombinezo yako ina vumbi la mawe, mafuta na dawa za mtambo. Ukiitupa sakafuni, mbwa analala juu yake na mtoto anaichezea. Ivue kazini kama kuna pahali pa kubadilishia. Kama hapana, iweke katika mfuko wake, ifuliwe peke yake, si pamoja na nepi za mtoto. Oga na nawa kabla ya kumshika mtu yeyote, au mbwa.

Pipa au bidoni lililokuwa na dawa ya mtambo halifai kwa maji ya nyumba, hata ulisuguе mara kumi. Usilichukue, usilinunue, usilipokee bure. Betri iliyokufa isivunjwe uwanjani: ndani yake mna risasi na asidi. Mafuta ya injini yasimwagwe karibu na bomba wala kisima.

Na ninyi mlio na ndugu wanaochimba dhahabu pande za Banalia au Bafwasende, tusikilizane vizuri. Yeyote anayechoma dhahabu yenye zebaki ndani ya nyumba, au jikoni kwa sufuria ya chakula, anawavutisha watoto wake moshi wa sumu. Moshi huo hauna rangi wala harufu ya kukuonya. Ukipoa unashuka sakafuni, pale wanapoishi mbwa na mtoto. Mwaka 2010, huko Zamfara katika Nijeria, wachimbaji walileta mawe ya dhahabu majumbani, wakayasaga katika viwanja vyao. Mawe yale yalikuwa na risasi nyingi. Vumbi liliingia katika chakula na katika vidole vya watoto. Watoto zaidi ya 400 walikufa. Baba zao hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wanatafuta chakula cha watoto haohao.

MBWA AMEKULA SUMU: UFANYE NINI?

Dalili za kutazama ni hizi: mate mengi, kutapika, kuharisha, kutetemeka, kuyumba, kupumua vibaya, ufizi mweupe au wa buluu, damu, kuanguka kifafa. Ukiona moja ya hizo, fuata mpango huu.

Kwanza, mwondoe pale penye sumu, na uwaweke watoto mbali.

Pili, vaa glavu au mfuko wa plastiki mikononi. Kama sumu iko juu ya manyoya, mwoshe kwa maji mengi na sabuni.

Tatu, tafuta kipakiti, chupa au kidonge kilichobaki. Usikitupe. Kama hakuna, chukua matapishi kidogo katika mfuko uliofungwa vizuri. Lakini ukisikia ile harufu ya kitunguu saumu, usiyaguse, eleza tu ulichokinusa.

Nne, piga simu kwa munganga wa wanyama na uondoke mara moja. Mwambie amekula nini, kiasi gani, saa ngapi, na uzito wa mbwa. Wewe unayekaa Lubunga lazima uvuke mto kwanza, basi usingoje «tuone kama kesho ataamka». Namba ya munganga iandike leo ukutani, kabla ya shida.

Sasa yale ya kuacha. Kila mtaa una fundi wa kutibu sumu: huyu anasema maziwa, huyu mafuta ya mawese, huyu maji ya chumvi. Maziwa hayakati sumu ya panya. Mafuta yanasaidia dawa nyingine za wadudu kuingia upesi mwilini, na mbwa aliyelegea akinyweshwa kwa nguvu yanaingia mapafuni. Chumvi nyingi yenyewe ni sumu. Tena usimlazimishe kutapika kama munganga hajakuambia. Soda kostiki na asidi zinachoma koo zikishuka, na zinalichoma tena zikipanda. Petroli ikipanda inaingia mapafuni.

Kama aliyekula ni mtoto, mpango ni uleule: usimpe maziwa, usimpe mawese, chukua chupa au kipakiti, kimbia hospitali saa ileile.

ANGALIA, HUENDA NI KICHAA

Mbwa anayetoa mate, anayeyumba, anayeshindwa kumeza, huenda amekula sumu. Huenda pia ana kichaa cha mbwa. Kwa macho peke yake hata fundi anaweza kukosea. Kwa hiyo usitie mkono mdomoni mwake kutoa sumu, hata kama ni mbwa wako uliyemlea. Mfungie pahali pa peke yake, uite mwenye kujua.

Akikuuma au mate yake yakiingia katika kidonda, osha pale kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika 15, kisha nenda hospitali siku ileile kwa ajili ya chanjo. Usingoje kuona kama utaugua. Dalili za kichaa zikianza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Na mbwa wako mzima umchanje kila mwaka.

Mnyama aliyekufa kwa sumu si kitoweo. Mfukie chini sana, mbali na kisima na mbali na mto.

JIONI YA LEO

Hatukuombi fedha. Tunakuomba robo ya saa. Ukirudi nyumbani, nawa mikono. Kisha mwite mama watoto, mpige magoti wote wawili, mzunguke nyumba hivyo. Wakubwa wa watoto watacheka, waacheni. Tazameni chini ya kitanda, nyuma ya gunia, pembeni ya jiko, chini ya tangi la maji. Kila kitu ambacho mkono wako unakifikia ukiwa umepiga magoti, mbwa anakifikia, na mtoto anakifikia.

Kile kipakiti ulichokitupa nyuma ya mlango mwezi uliopita, bado kipo?

Kiondoe sasa, kabla ya kukaa chini ya mwembe. Usalama hauna saa ya kutoka kazini.